Lita ni Kilo kwa Maji Tu

Lita ni kilo kwa maji tu. Bibi Sara Mlugu aliyasema maneno hayo bila kuinua macho, akiendelea kupukuchua mahindi. Wajukuu zake waliokuwa wakimsaidia wakaacha kazi, wakatazamana. Mmoja wao, Yona, alikuwa amemaliza kueleza kwamba binamu yake wa Kongwa alipanda alizeti mwisho wa mwezi wa kumi na mbili akavuna magunia arobaini, kwa hiyo yeye naye atapanda huku tarehe hiyohiyo.

"Bibi," Yona akasema, "hapa nani ametaja maji? Na nani ametaja lita?"

Wenzake wakacheka. Bibi Sara hakucheka. Alikung'uta makapi kwenye kanga yake, akawaambia kwamba huo si msemo wa kale usio na mwenyewe. Una wenyewe, una kijiji chake na una mwaka wake, na ulizaliwa hivi.

Mwaka huo mvua ilinyesha mara mbili tu katika kijiji cha Chihembe, huko Ugogo. Mtama ulichomoza, ukafika magotini, ukakauka ungali umesimama. Kufikia mwezi wa nane watu walikuwa wameuza mbuzi, na kufikia mwezi wa tisa hapakuwa na mbuzi wa kuuza. Watu wazima walifunga mikaja wakavumilia. Watoto wadogo hawakuweza. Nywele zao zikawa nyekundu, miguu ikavimba, na wengine wakafika mahali ambapo mtoto halii tena, anakutazama tu.

Zahanati ya kijiji ilikuwa ya vyumba viwili, na msimamizi wake alikuwa nesi Perisi Chedego, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Chumba cha nyuma alikigeuza wodi ya watoto waliokonda. Walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na mama yake. Serikali ilileta maziwa ya unga, sukari na mafuta ya kula, na Nesi Perisi akahitaji mtu wa kuwapikia.

Alimchagua Foibe, mke wa Mzee Mlugu, ambaye wengi walimwita Mama Nyemo kwa jina la mwanawe wa kwanza. Foibe alikuwa na miaka kama arobaini. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na siku zile, kijijini pale, mwanamke aliyeweza kusoma namba kwenye karatasi alihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nesi alimbandikia karatasi ukutani jikoni. Kwa sufuria moja ya lita kumi: maziwa ya unga gramu mia nane, mafuta gramu mia sita, sukari gramu mia tano, kisha maji yaliyochemshwa mpaka sufuria ifike kwenye alama. Sufuria moja ilipikwa asubuhi, nyingine mchana.

Mizani ilikuwa moja tu, ya sinia, yenye mshale. Asubuhi ilipima watoto, ikafutwa, kisha ikaenda jikoni kupima chakula. Foibe aliipenda mizani hiyo. Aliupenda mshale unavyotetemeka kabla ya kutulia. Alijua kwamba ukitulia, mtoto atapata haki yake, hazidishiwi wala hapunjwi.

Jumatatu moja mwanamke mjamzito aliletwa kwenye machela, uchungu umemshinda siku ya pili. Lori la mkaa lilikuwa likipita kwenda Dodoma. Nesi Perisi akapanda nalo pamoja na mgonjwa. Mguu mmoja ukiwa tayari juu ya lori, alimgeukia Foibe.

"Nitarudi Alhamisi. Mfuko wa maziwa uliofunguliwa utatosha mpaka Jumanne ya wiki ijayo, usiwe na wasiwasi. Wewe fuata karatasi tu. Usizidishe, usipunguze."

"Nitafuata, nesi," Foibe akajibu.

Kesho yake asubuhi, Foibe aliweka bakuli la maziwa ya unga juu ya sinia la mizani, akasikia kitu kikikatika ndani kama ukuni mkavu. Mshale ukalala chini. Aliondoa bakuli, mshale ukabaki palepale. Aliigonga mizani ubavuni, akaitikisa, akaifungua kwa kisu. Springi ilikuwa vipande viwili.

Katika chumba cha nyuma watoto walikuwa wakingoja. Waliokuwa na nguvu ya kulia walikuwa wakilia.

Foibe alitazama rafu. Palikuwa na jagi la plastiki la kupimia maji, lenye mistari kutoka mia moja mpaka elfu moja, na juu ya mstari wa mwisho pameandikwa lita. Alijua kwamba kilo ina gramu elfu moja. Akaona jagi nalo lina elfu moja. Alitaka kuamini kwamba elfu hizo mbili ni kitu kimoja, lakini hakutaka kuamini peke yake. Akafunga jiko, akakimbia hadi shuleni.

Mwalimu Elinazi alikuwa mbele ya darasa la sita, chaki mkononi. Alikuwa kijana msomi, mwenye heshima, na kijiji kizima kilimwendea kuandikiwa na kusomewa barua. Foibe alisimama mlangoni akihema.

"Mwalimu, samahani. Lita moja ni kilo ngapi?"

Mwalimu alitabasamu, akawageukia wanafunzi. "Mmesikia swali la Mama Nyemo? Lita moja ni kilo ngapi?"

"Lita ni kilo!" darasa zima likajibu.

"Lita ni kilo, mama," mwalimu akamthibitishia.

Foibe alishukuru, akarudi mbio huku moyo umetulia. Alijaza maziwa ya unga kwenye jagi mpaka mstari wa mia nane, mafuta mpaka mia sita, sukari mpaka mia tano. Akakoroga, akaongeza maji mpaka kwenye alama. Alipoinua upawa, maziwa yalishuka upesi kuliko alivyozoea. Rangi yake ilikuwa nyepesi, kama maji yaliyooshewa mchele. Alisimama na upawa mkononi, akaitazama karatasi ukutani, akalitazama jagi. Namba zilikuwa zilezile. Mwalimu alisema, na watoto arobaini walisema pamoja naye. Yeye wa darasa la nne ni nani hata abishane nao kwa macho yake tu?

Akagawa.

Alhamisi ilifika, nesi hakuja. Ijumaa mwendesha baiskeli alileta habari kwamba mgonjwa amepasuliwa, yeye na mtoto wake wazima, lakini mjini hakuna petroli na magari yamekaa. Nesi anawasalimu na anasema wafuate karatasi.

Foibe akafuata karatasi. Lakini sasa kila alipogawa alibaki wodini akitazama. Watoto walikunywa wakamaliza, wakalamba vikombe, kisha wakalia tena kabla jua halijasogea. Zamani, kabla nesi hajaondoka, walikuwa wakinywa na kulala. Sasa hakuna mizani ya kuwapima, kwa hiyo Foibe alichukua uzi mweusi wa kushonea. Aliuzungusha kwenye mkono wa kila mtoto, juu ya kiwiko, akapiga fundo pale ncha zilipokutana, akauhifadhi kwenye kikombe chenye jina la mtoto. Aliwaambia akina mama kwamba ni agizo la nesi. Haikuwa kweli. Hilo lilikuwa agizo la wasiwasi wake.

Mtoto mmoja aliitwa Lameki, wa Mwendwa. Mwendwa alikuwa binti mdogo, mzaliwa wake wa kwanza ndiye huyo Lameki, na mumewe alikuwa amekwenda Kilosa kutafuta kibarua. Mwendwa hakuwa mtu wa kusema. Kila asubuhi alimpokea Foibe kikombe kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo, kama anavyopokea mtu komunyo. Lameki aliingia wodini akiwa hawezi kushika shingo, na wiki moja kabla nesi hajaondoka alikuwa ameanza kucheka. Alikuwa na kikohozi kisichoisha, lakini alikuwa akicheka.

Jumamosi asubuhi Foibe alipoingia na sufuria, Mwendwa alikuwa ameketi wima, mtoto amefunikwa mpaka usoni.

"Amelala?" Foibe akauliza, ingawa alishajua.

"Alikohoa alfajiri," Mwendwa akasema. "Kisha akaacha."

Walimzika siku ileile. Mwendwa alikunja mkeka wake, akarudi kwa mama mkwe wake, ng'ambo ya korongo. Kikombe cha Lameki kilibaki rafuni na uzi wake ndani. Foibe hakuweza kukitoa.

Jumatatu alizungusha nyuzi tena. Mikono kumi na mitatu, na hakuna fundo hata moja lililohitaji kusogezwa mbele. Mafundo manne yalikuwa yanapwaya. La Sechelela, binti wa Yuditi, lilipwaya kiasi cha kupitisha kidole kizima.

Yuditi alikuwa akitazama. Huyu alikuwa mwanamke wa ulimi mkali, mama wa watoto watano, na haogopi mtu. Hakusema kitu siku ile. Alisema kesho yake, Jumanne, Foibe alipokuwa akichota maziwa ya asubuhi.

"Mama Nyemo, weka upawa chini."

Foibe akauweka. Akina mama wote walikuwa wamesimama nyuma ya Yuditi, watoto mabegani.

"Mizani ilipokuwepo na nesi alipokuwepo, watoto wetu walinenepa," Yuditi akasema. "Nesi kaondoka, maziwa yamekuwa maji. Sisi si vipofu. Tunakuheshimu, na mumeo tunamheshimu, lakini tuambie. Hayo maziwa unampelekea nani?"

Foibe alihisi uso ukimuwaka. Angeweza kulia, lakini hasira ilitangulia machozi. Alichomoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga yake, akaenda stoo, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Njooni! Mfuko ule pale. Alioufungua nesi kwa mkono wake. Kama nimeuza hata kijiko kimoja, Mungu na anione. Njooni mtazame!"

Yuditi aliingia. Alifungua mdomo wa mfuko, akautumbukiza mkono. Mkono ulizama mpaka kwenye kifundo, ukakutana na unga. Aliunyanyua mfuko kidogo kutoka sakafuni, akausikia uzito wake, akautua. Alipogeuka, ukali ulikuwa umetoka usoni mwake, na kilichobaki kilimtisha Foibe kuliko ule ukali.

"Nesi alisema mfuko huu utaisha lini?"

"Leo," Foibe akasema. "Jumanne."

"Mbona bado upo tele?"

Foibe akautazama mfuko.

"Hujauza, naona," Yuditi akasema polepole. "Basi kama hujauza, na unga upo hapa, watoto wetu walikuwa wakinywa nini?"

Hapo ndipo Foibe alipoelewa. Alishika mwimo wa mlango. Wiki nzima, kila alipoingia stoo, aliuona mfuko ukishuka kidogokidogo akafurahi, akajisifu moyoni kwamba yeye ni mwekevu, kwamba nesi akirudi atakuta akiba. Hakuwa ameiba. Mfuko ulikuwa unamtetea mbele ya wanawake wote hawa. Lakini akiba ile yote ilikuwa njaa ya watoto, na ilikuwa imekaa palepale, mbele ya macho yake, inamngoja aiulize.

Alibeba jagi, akabeba makopo mawili matupu ya mafuta yaliyolingana, akabeba bakuli la maziwa ya unga. Akaenda shuleni. Yuditi alimfuata nyuma, Sechelela mgongoni.

Mwalimu Elinazi aliwaona wakikatiza uwanja, akatoka nje kabla hawajafika mlangoni.

"Mwalimu," Foibe akasema, "lita moja ni kilo ngapi?"

"Nilikwambia, mama. Lita ni kilo."

Foibe aliomba maji kwenye mtungi wa shule. Alijaza jagi mpaka juu, akamimina kwenye kopo moja. Alilikausha jagi kwa kanga, akalijaza maziwa ya unga mpaka juu, akamimina kwenye kopo la pili.

"Shika hili kwa mkono huu. Shika na hili."

Mwalimu alishika. Mkono wenye maji ulishuka. Mkono wenye unga ulipanda, taratibu, kama kwamba si wake. Akatazama mkono mmoja, kisha mwingine.

"Ulikuwa unapima nini, Mama Nyemo?" akauliza. "Ile siku uliyokuja. Ulikuwa unapima nini?"

"Maziwa ya watoto."

"Sikuuliza," mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilidhani ni maji. Lita ni kilo, lakini ni ya maji. Kitabuni imeandikwa hivyo, lita moja ya maji safi. Mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji. Asali ni nzito zaidi. Unga huu sijui, unga una hewa ndani yake, labda ni nusu. Labda pungufu."

"Hukusema ni ya maji."

"Sikusema."

"Watoto darasani hawakusema ni ya maji."

"Ndivyo nilivyowafundisha," mwalimu akasema.

Yuditi akawaingilia kati. "Laumianeni kesho. Leo sufuria ya mchana itapimwa na nini?"

Swali hilo ndilo lililowasukuma. Hakukuwa na mizani nyingine kijijini. Duka lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa saba, na mwenye duka aliondoka na mizani yake. Foibe alisimama akitazama lile kopo la maji mkononi mwa mwalimu. Alikuwa na hofu hata ya kufikiri, maana mara ya mwisho alipofikiri ndipo yalipotokea haya. Lakini wazo lilikuja lenyewe.

"Mwalimu, kwa maji ni kweli? Kweli kabisa? Usinijibu upesi."

Mwalimu alifikiri. "Kwa maji ni kweli."

"Maji mia nane ya jagi hili ni gramu mia nane?"

"Ndiyo."

"Basi maji yenyewe ndiyo yatakuwa mawe ya mizani."

Walirudi jikoni. Mwalimu alileta mzega wake wa kuchotea maji, ule mti ambao mtu huuweka begani na kuning'iniza madebe huku na huku. Waliufunga kamba katikati, wakauning'iniza kwenye boriti. Kila upande walitundika kopo tupu. Mzega ulilalia kulia. Foibe aliongeza kokoto moja kushoto, akaongeza nyingine ndogo, mpaka mti ukanyooka na kutulia. Kisha kwenye kopo la kulia akamimina maji, mstari wa mia nane. Mti ukaanguka upande ule. Kushoto akaanza kutia maziwa ya unga, kijiko baada ya kijiko.

Alitia mpaka pale alipozoea kuishia. Mti haukutikisika. Akatia tena, na tena. Akina mama walijaa mlangoni wakihesabu vijiko kimoyomoyo. Kopo lilikaribia kupata mara mbili ya kiasi cha siku zote ndipo mzega ulipoanza kuinuka, ukatetemeka, ukanyooka.

Hakuna aliyeshangilia. Yuditi alijifunika mdomo kwa mkono.

Foibe alichukua msumari, akachora mstari kwenye kopo palipofika unga. Akafanya vilevile kwa mafuta, ambayo yalipanda juu kidogo tu kuliko maji ya kopo la pili, na kwa sukari. Makopo matatu, mistari mitatu. Maji yote ya kupimia waliyachemsha yakaenda sufuriani, maana mwaka ule maji hayakumwagwa.

Lakini alipotaka kutia unga kwenye sufuria, alisita. Nesi aliwahi kumwambia kwamba mtoto aliyedhoofika hapewi kwa pupa. Tumbo lililozoea kidogo, ukilijaza ghafla linaweza kumuua. Je, siku nane za maziwa mepesi zilikuwa zimewarudisha huko? Akiwapa kamili leo, atawaponya au atawamaliza? Hapakuwa na wa kumuuliza. Mwalimu aliinua mikono. "Hilo silijui, na sitakisia tena."

Foibe alitia katikati, baina ya kiasi cha jana na kiasi cha mstari. Aliketi wodini mchana kutwa, akimtazama mtoto mmoja baada ya mwingine, akigusa matumbo, akisikiliza pumzi. Jioni walikuwa wamelala, wote kumi na watatu. Kesho yake akapanda kidogo. Keshokutwa akafika kwenye mstari.

Siku hiyo ya kufika kwenye mstari, baada ya kugawa maziwa ya asubuhi, alivua aproni, akavuka korongo. Yuditi alikuwa amemkataza. "Utamwongezea nini zaidi ya maumivu? Mtoto alikuwa na kifua. Huenda angekufa tu." Foibe alimjibu kwamba huenda, na kwamba "huenda" hiyo si yake yeye kuificha.

Alimkuta Mwendwa nje ya nyumba ya mama mkwe, anapepeta makapi ambayo hayakuwa na nafaka. Waliamkiana. Foibe hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alisema yote akiwa amesimama: springi, jagi, mwalimu, mfuko uliobaki. Hakujitetea na hakulia, kwa sababu aliona kwamba akilia Mwendwa atalazimika kumbembeleza.

Mwendwa aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka.

"Alikuwa akilamba kikombe," akasema mwishowe. "Nilidhani ni kwa sababu amepona."

Mwendwa akautua ungo.

"Sijui nikwambie nini, Mama Nyemo. Leo sijui. Rudi jikoni. Waliobaki, saa yao ya kula imekaribia."

Foibe akarudi.

Nesi Perisi alifika Ijumaa na gari la serikali, na mizani mpya kwenye boksi. Alisikiliza kila kitu akiwa bado amevaa viatu vyenye vumbi. Kisha alijaza kopo la maziwa mpaka kwenye mstari wa msumari, akaumimina unga kwenye sinia la mizani mpya. Mshale ulisimama kwenye mia nane na kumi. Akapima watoto. Wawili walikuwa wamepungua sana, wengine walikuwa palepale alipowaacha. Sechelela ndiye alikuwa chini kuliko wote, na nesi alikaa naye kwa wiki tatu kabla hajasema kwamba ataishi.

Foibe alimuuliza mara moja tu kuhusu Lameki.

"Kifua chake kilikuwa kibaya," Nesi Perisi akasema. "Maziwa nayo yalikuwa pungufu. Sijui kipi kilichomchukua, na hakuna atakayejua. Nikikwambia vingine nitakuwa nakudanganya."

Mwalimu Elinazi naye alifanya lake. Jumatatu iliyofuata alikusanya shule nzima, akamwomba Foibe asimame pembeni yake. Aliwaambia watoto kwamba yeye, mwalimu wao, alimpa mtu nusu ya kanuni kwa haraka ya kujionyesha anajua, na nusu ile aliyoiacha ikawa njaa ya watoto kumi na wanne. Kisha akauliza, "Lita ni nini?" Wakajibu walivyozoea, "Lita ni kilo!" Akangoja. Wakatazamana. Akaongeza mwenyewe, "Kwa maji tu." Tangu siku hiyo, kila alipouliza, darasa lilimalizia sentensi, na watoto wakaipeleka nyumbani pamoja na madaftari yao.

Hata hivyo, hayo yalikuwa bado maneno ya hesabu.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa njema. Siku moja wanawake walikuwa kisimani, Foibe miongoni mwao. Mwendwa alikuwepo. Mumewe alikuwa amerudi, na mwanamke mmoja mwenye nia njema akaanza kumfariji. Alimtajia jirani wa kijiji cha pili, aliyefiwa na mtoto mwaka uleule wa njaa, akapata mwingine baada ya miezi kumi, na leo ukimwona huwezi kujua kwamba aliwahi kulia. "Nawe zaa haraka, mwanangu. Mtoto hufuta mtoto. Mwenzako amesahau, nawe utasahau."

Wengine wakaitikia. Mwendwa alitua ndoo yake ukingoni mwa kisima. Hakukasirika. Alimtazama yule mama, kisha macho yake yakapita juu ya vichwa vya wote, yakamfikia Foibe, yakakaa hapo.

"Lita ni kilo kwa maji tu," akasema.

Akajitwika ndoo, akaondoka.

Hakuna aliyemfuata, na hakuna aliyeuliza maana yake. Foibe alibaki ameshika kamba ya kisima mpaka aliyekuwa nyuma yake akamwomba ampishe. Jioni ile maneno hayo yalikuwa yamefika kila nyumba ya Chihembe, na hayakuwa tena ya maziwa wala ya mizani. Tangu hapo, mtu akichukua lililomfaa mwenzake akalipima kwa mwingine bila kuuliza ndani kuna nini, wazee hawamgombezi. Humwambia tu kwamba lita ni kilo kwa maji tu.